Bandama Ikitolewa, Je, Damu Itatulia? Jibu kwa Familia ya Naivasha



Juma hili tunajibu swali la familia moja yenye asili ya Mwambao inayoishi Naivasha. Mama wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu na watoto watatu, anaugua upungufu wa chembe sahani za damu huu mwaka wa pili. Kila anapopunguziwa vidonge vya predinisoloni hesabu ya damu huporomoka, na kila anapoongezewa uso hujaa, usingizi hupotea na sukari hupanda. Sasa ameshauriwa atolewe bandama. Mume amekubali, mama mkwe aliyeko Mombasa amekataa, na mgonjwa mwenyewe yuko baina ya wawili hao. Wanauliza: Je, kipo kipimo cha kujua, kabla ya kisu, kwamba upasuaji utamfaa? Na je, mtu asiye na bandama aweza kushuka Pwani kwa Idi kama alivyozoea?

Tumeona tulijibu hadharani kwa sababu maradhi haya huwapata wanawake walio katika umri wa kuzaa zaidi ya wanaume wa rika lao, na kwa sababu uamuzi wa aina hii mara nyingi hufanywa barazani na watu wasioambiwa mambo yote.

Maradhi yenyewe

Chembe sahani ni chembe ndogo mno za damu ambazo kazi yake ni kuziba pale mshipa unapopasuka. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu, kiasi kisichozidi kichwa cha pini. Kila moja huishi siku saba hadi kumi, kisha huchujwa na kuondolewa. Mchujaji mkubwa ni bandama, ambayo wengine huiita wengu, kiungo chenye uzito wa gramu 150 hivi, kilichojificha chini ya mbavu za kushoto.

Katika maradhi haya kinga ya mwili humkosea adui. Hutengeneza kingamwili zinazojibandika juu ya chembe sahani za mtu mwenyewe, na bandama, ikiziona zimetiwa alama hiyo, huzimeza kabla ya siku zake kutimia. Hesabu ikiwa chini ya 100,000 na sababu nyingine zote zimeondolewa, tabibu huyataja maradhi haya. Yakipita miezi 12 huitwa sugu.

Dalili zake mwanamke huziona nyumbani kabla ya hospitali: damu kwenye ufizi wakati wa kupiga mswaki, michubuko isiyo na sababu, vidoa vyekundu miguuni visivyofifia vikibonyezwa na kidole, na hedhi nzito isiyokoma. Hapa tungependa kusema jambo na dada zetu. Wapo wanaopitisha siku kumi na tano, wakauliza kuhusu hukumu ya istihadha, wakajibiwa vizuri namna ya kujitwahirisha na kusali, kisha wakarudi nyumbani wakidhani suala limekwisha. Hukumu ya ibada wamepata. Damu bado haijapimwa. Fatima binti Abi Hubaish, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, na swali kama hilo, alielezwa kuwa ile ni damu ya mshipa wala si hedhi. Basi mwenye kujibiwa hivyo hana budi kuuangalia na huo mshipa: kipimo cha hesabu kamili ya damu hufanywa katika hospitali nyingi za kaunti, na huenda kikafichua kilichofichika miaka mingi.

Ilivyogunduliwa

Maradhi haya si mageni. Wanahistoria wa tiba humtaja Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun cha mwanzoni mwa karne ya 11, miongoni mwa waliotangulia kuyaeleza madoa ya damu chini ya ngozi yasiyokwisha. Mwaka wa 1735 tabibu wa Ujerumani, Paul Werlhof, aliandika habari za msichana aliyetokwa na damu puani na mdomoni na ambaye ngozi yake ilijaa madoa.

Mwaka wa 1916, mjini Prague, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Paul Kaznelson aliwaza kwamba huenda bandama ndiyo inayoharibu chembe sahani. Alimshawishi mpasuaji Hermann Schloffer amtoe bandama mwanamke wa miaka 36 aliyesumbuka kwa miaka mingi. Hesabu ya damu yake ilipanda mara moja, na tangu hapo upasuaji huo ukaenea duniani. Lakini Kaznelson hakujua ni kwa nini bandama ifanye hivyo. Jibu lilikuja 1951, pale William Harrington wa St. Louis, Marekani, alipoeleza jinsi alivyojitia mwenyewe mshipani damu ya mgonjwa wa maradhi haya. Katika muda wa saa chache chembe sahani zake karibu ziliisha, madoa yakamtoka, na siku chache baadaye akapona. Ikabainika kuwa ndani ya damu ya mgonjwa mna kitu kinachoamrisha uharibifu, na bandama ni mtekelezaji wake.

Tumeisimulia historia hii kwa sababu imebeba jibu la swali letu. Kama bandama ni mtekelezaji mmoja tu, basi matokeo ya kuiondoa yanategemea kama wako watekelezaji wengine. Ini nalo humeza chembe sahani. Uboho wa mifupa nao hutengeneza kingamwili, na katika baadhi ya wagonjwa hata utengenezaji wa chembe sahani hulegea. Tena wako watu waliozaliwa na vibandama vidogo vya ziada, ambavyo mpasuaji asipoviona vikibaki vyaweza kuendelea na kazi ile ile. Mgonjwa ambaye chembe zake zinafia kwenye bandama pekee atapona. Ambaye zinafia kwingine atabaki na kovu na hesabu ile ile.

Je, yaweza kujulikana mapema?

Mwaka wa 2004 watafiti wa Marekani walikusanya ripoti 135 za upasuaji huu kutoka nchi mbalimbali. Kati ya watu wazima zaidi ya 2,600, asilimia 66 hesabu zao zilirudi kuwa za kawaida bila dawa. Ukiwaongeza waliopata nafuu isiyo kamili, idadi inafika asilimia 88. Vifo vilivyotokana na upasuaji vilikuwa asilimia 1 kwa waliopasuliwa tumbo wazi, na asilimia 0.2 kwa waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Kwa ufupi, katika kila wagonjwa watatu, wawili walipona. Kati ya waliopona wapo pia waliorudiwa na maradhi baada ya miaka.

Watafiti hao walitafuta alama za kumtambua mapema yule wa tatu. Alama iliyojitokeza mara nyingi zaidi ni umri: vijana hufaidika kuliko wazee. Lakini hata hiyo haikutosha kumhukumia mgonjwa mmoja aliyeketi mbele ya daktari, kwani wapo vijana wasiopona na wazee waliopona. Muda wa kuugua, wingi wa chembe kabla ya upasuaji, na namna mgonjwa alivyoitikia predinisoloni, vyote vilionekana kusaidia katika uchunguzi mmoja na kutosaidia katika mwingine. Hata kuitikia imunoglobulini ya kudungwa mshipani, ambako mwaka wa 1997 kulionekana kuwa bishara njema, hakukuthibitika kila mahali.

Kipo kipimo kimoja kinachokaribia kujibu swali. Chembe sahani za mgonjwa hutolewa, hutiwa madini ya indiamu yenye mnururisho mdogo, hurudishwa mwilini, kisha hupigwa picha ionekane zinakwenda kufia wapi. Watafiti wa Ufaransa walitoa mwaka wa 1997 habari za wagonjwa 268 waliopimwa hivyo na kutolewa bandama. Wale ambao chembe zao zilifia kwenye bandama tu, zaidi ya asilimia 90 walifaidika. Wale ambao zilifia kwenye ini, waliofaidika walikuwa wachache zaidi. Kipimo hiki, hata hivyo, hufanywa katika vituo vichache vya Ulaya.

Kwa hiyo jibu letu la wazi kwa familia ya Naivasha ni hili: hakuna kipimo mtakachofanyiwa Nakuru au Nairobi kitakachowaahidi kwamba huyu atapona. Umri wa mama ni bishara njema. Kuwa predinisoloni ilimfaa, hata kama kwa muda, si bishara mbaya. Daktari akiwaambia ana uhakika wa asilimia mia, muombeni awaeleze uhakika huo umetoka wapi. Ishara ya kuaminika zaidi huja baada ya upasuaji wenyewe: hesabu ikipanda sana katika siku za mwanzo, matumaini ya kupona kwa kudumu huwa makubwa.

Yanayopasa kuulizwa kabla

Ijapokuwa kupona hakutabiriki, makosa mengine yanazuilika. La kwanza ni kumpasua mtu mwenye maradhi mengine. Malaria hushusha chembe sahani. Dengi, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013 na tena 2017, huzishusha pia kwa siku kadhaa. Virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya aina ya C na lupasi vyaweza kujificha nyuma ya upungufu huu. Wakati mwingine chembe hugandamana ndani ya chupa ya maabara, mashine ikazihesabu chache ilhali mwilini ni tele. Ndiyo sababu damu yapasa kutazamwa pia kwa darubini. Ulizeni kama haya yote yameangaliwa.

La pili ni haraka. Mwongozo wa madaktari wa damu wa Marekani wa 2019 unapendekeza kusubiri angalau mwaka mmoja tangu maradhi kugunduliwa, kwa kuwa wapo wanaopona wenyewe. Mama wa Naivasha amekwisha kuupita muda huo. Kwa watoto subira ni kubwa zaidi: wengi wao, maradhi yakiwajia baada ya homa au mafua, hupona bila kisu chochote. Mzazi asikubali mtoto mdogo kutolewa bandama kabla ya kusikia rai ya mtaalamu wa damu wa watoto.

La tatu ni kudhani hakuna njia nyingine. Zipo dawa za rituksimabu, na tangu 2008 zipo romiplostimu na eltrombopagi, ambazo huusukuma uboho utengeneze chembe zaidi. Hizi ni ghali, tena nyingine hutumiwa kwa muda mrefu, na eltrombopagi haielewani na maziwa: anayeimeza asiitelemshie chai ya maziwa wala asiikaribishe na mtindi. Bandama ikitolewa huwa ni gharama ya mara moja. Kwa familia nyingi za Kenya hilo ndilo linaloamua, na hakuna aibu kulisema. Ulizeni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipia kiasi gani cha upasuaji na kiasi gani cha dawa, kisha linganisheni hesabu za miaka mitano badala ya za mwezi mmoja.

Nyumba nayo ipimwe

Tunaloliona limesahauliwa katika majadiliano mengi ni kwamba bandama haikuumbwa kwa ajili ya kula chembe sahani tu. Ni mlinzi anayechuja damu na kukamata vijidudu vyenye ganda, hasa vile vya kichomi na vya homa ya uti wa mgongo. Asiye na bandama aweza kuamka na homa asubuhi na kufa usiku. Wanaopatwa na balaa hilo ni wachache, lakini karibu nusu yao huweza kupoteza maisha, na hatari hiyo haiishi hata miaka ishirini ikipita. Wenzetu wenye watoto wa seli mundu wanalifahamu jambo hili, kwani bandama za watoto hao huharibika mapema, na ndiyo sababu hupewa penisilini ya kila siku na kukimbizwa hospitali kwa kila homa.

Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kama damu yake itatulia, familia ijiulize kama nyumba yake inaweza kuishi na mtu asiye na bandama kwa miaka thelathini ijayo. Hilo lina kipimo, na kipimo chake ni maswali haya.

Chanjo zimepatikana? Zinatakiwa za kichomi, za uti wa mgongo na za Himofilasi, zote angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, wakati bandama ingalipo kuufundisha mwili. Ya uti wa mgongo ni jamii ya ile wanayochanjwa mahujaji kabla ya kusafiri, basi watu wetu wanaijua. Tofauti ni kwamba mtu huyu ataihitaji tena na tena, aende Hija asiende.

Homa ikimshika saa nane za usiku, nani atampeleka hospitali? Kutoka mashamba ya maua yaliyo kando ya ziwa hadi mjini Naivasha ni mwendo, na pikipiki haipatikani kila saa. Je, zipo ndani ya nyumba antibiotiki alizopewa na daktari za kumeza mara tu homa inapoanza, huku safari ikiandaliwa? Je, anayo kadi mkobani iliyoandikwa kwamba hana bandama? Watoto wakubwa wanajua la kumwambia muuguzi iwapo mama hawezi kusema? Mbwa akimng'ata, kila mtu nyumbani anajua kuwa ni dharura hata kama jeraha ni dogo?

Nyumba ikijibu ndiyo kwa haya, imefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuifanya. Ikijibu hapana, isubiri kwanza hadi iyatengeneze.

Naivasha na Pwani

Tunafika kwenye swali la Idi. Naivasha iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi hauipi malaria nafasi kubwa. Mtu aweza kukaa huko miaka asione hata homa moja ya mbu. Hilo ni neema kwa asiye na bandama, na pia ni mtego, maana mwili unaokaa bila malaria husahau kupambana nayo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2005 kutoka Malawi, kuhusu watu wazima 33 waliotolewa bandama, uliwakuta na vimelea vya malaria na homa zake mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliokuwa nazo.

Kwa hiyo mama huyu aweza kuja Mombasa, Kilifi au Lamu, lakini asije kama zamani. Amuone daktari kabla ya safari ampe dawa ya kuzuia malaria, aianze kwa wakati wake na aimalize baada ya kurudi. Alale ndani ya chandarua hata kama ndugu wanamcheka. Na homa yoyote, akiwa Pwani au wiki kadhaa baada ya kupanda bara, ipimwe siku hiyo hiyo. Hata wafanyakazi wa mashamba wanaorudi likizo kwao kandokando ya Ziwa Viktoria wanahusika na nasaha hii.

Na kwako bibi, mama mkwe uliyekataa: hofu yako tunaiheshimu, kwa kuwa ina msingi. Lakini kukataa nako kuna bei. Predinisoloni ya miaka hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na nayo pia hulegeza kinga ya mwili. Chembe zikishuka chini ya 10,000 au 20,000, damu yaweza kuvuja ubongoni. Kubaki kama alivyo nako ni uamuzi, na una hatari zake.

Mambo madogo yenye uzito

Mwenye chembe chache, apasuliwe asipasuliwe, ajiepushe na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, hata kwa maumivu ya hedhi. Asipigwe hijama mpaka daktari aridhie, maana chale ndogo kwake si ndogo. Akitaka kufunga Ramadhani, apange na tabibu wake kama dozi ya asubuhi yaweza kuhamia daku; na akikatazwa kufunga, ruhusa ya mgonjwa ipo, wala asijitie katika maangamizi kwa kuwaonea watu haya.

Akipata ujauzito, awaambie wakunga mapema. Bandama ikiisha kutolewa, hesabu ya mama yaweza kuwa nzuri huku kingamwili zingali zikizunguka katika damu, na zikavuka hadi kwa mtoto. Mtoto wa mama kama huyu apimwe damu baada ya kuzaliwa, na akiwa wa kiume asitahiriwe kabla chembe zake hazijahesabiwa.

Tunawausia familia hii ishara mbili ambazo watu wetu hupenda kuzitenganisha: istishara na istikhara. Wapo wanaosali rakaa mbili wakangoja ndoto, bila kumuuliza mjuzi. Na wapo wanaokusanya rai za madaktari watano, wakasahau kumwomba Mwenye kujua ghaibu. Mtakeni ushauri mtaalamu wa damu pamoja na mpasuaji, wakae na mgonjwa mwenyewe akiwapo na akisikilizwa, kwa kuwa mwili ni wake. Andikeni maswali yaliyotajwa hapa kwenye karatasi na muende nayo. Kisha salini, mchague, na mtegemee.

Mwenyezi Mungu amponye mama huyu na kila mgonjwa wa Kiislamu na asiyekuwa Mwislamu, na awape nguvu wanaowauguza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.